MODELI ZA HESABU: KUTOKA MADRIYE YA DARAJA MPAKA UGONJWA WA NDIZI



Mmezoea kupata kutoka kwetu matangazo ya kengele, ya usafi wa internati na ya wale wanaochelewa kwenye ibada. Leo tunaacha hayo. Tunataka kujibu ulizo moja ambalo wadogo wa kalasi za chini wametuuliza mara nyingi wakati wa etidi ya jioni: "Hizi hesabu zote zitatusaidia nini, kama mtu atarudi tu kwao kulima ndizi ao kupiga mbao?"

Hilo si ulizo la mvivu. Ni ulizo la haki, na linastahili jibu la kweli, si jibu la kusema "soma tu, itakuja katika ekzame". Jibu letu ni hili: hesabu inaweza kuonyesha pahali pa kutia mkono mbele mkono haujachoka bure. Tutalionyesha kwa vitu viwili tunavyovijua sote, yaani ubao unaopinda na shamba la ndizi linalonyauka.

1. MODELI NI NINI?

Mama akipata wageni 20, hapiki kwanza ili aone kama ugali utatosha. Anafikiri kila mtu anakula kiasi gani, anazidisha, anapima unga, kisha anatia maji motoni. Hakuuliza kama mgeni huyu ni mnene, ao yule ametoka safari. Ameacha mambo mengi, amebakiza mawili tu: hesabu ya watu na kipimo cha mtu mmoja. Hiyo tayari ni modeli.

Basi, modeli ni picha ya kitu iliyoandikwa kwa namba. Tunachukua kitu kikubwa, tunaacha mengi yake, tunabakiza machache yale yanayobeba kazi, kisha tunauliza namba mbele ya kugusa kitu chenyewe. Hata Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, namna anavyokaa kwanza chini na kuhesabu gharama. Kukaa chini kwanza, hiyo ndiyo kazi ya modeli.

Kuko namna mbili. Ya kwanza ni fomula: unatia namba, jibu linatoka mara moja. Ya pili ni hesabu ya hatua kwa hatua: unatoka leo kwenda kesho, kesho kwenda kesho kutwa, ao unakata kitu vipande vidogo na kuhesabu kimoja kimoja. Hii ya pili inachosha mkono, ndiyo sababu siku hizi wanaipa ordinatere. Lakini kichwa chake ni kilekile cha kaye na biki.

2. MADRIYE MBILI NA BRUWETI YA MCHANGA

Muhula uliopita tulipewa kazi ya kutengeneza daraja ndogo juu ya mtaro wa bustani. Tulikuwa na madriye mbili za sentimetri 5 kwa 15. Tulizilaza chali, sababu hivyo zinaonekana pana na salama. Bruweti ya kwanza ya mchanga ilipofika katikati, madriye zikapinda, maji ya mtaro yakagusa gurudumu, na mwenzetu akaruka akaacha mchanga wote ndani ya maji. Wengine walisema, "Tuombe madriye zingine mbili." Tulikuwa karibu kwenda kuomba.

Hapo tulikumbuka hesabu hii. Nguvu ya ubao kabla haujavunjika inafuata upana wake mara kimo, mara kimo tena. Kimo ni ule urefu wa kusimama, kutoka uso wa chini mpaka uso wa juu. Tufanye:

Ubao umelala: upana 15, kimo 5. 15 x 5 x 5 = 375.
Ubao umesimama: upana 5, kimo 15. 5 x 15 x 15 = 1 125.

Gawanya: 1 125 kwa 375 ni 3. Ubao uleule, pesa ileile, lakini nguvu mara 3! Na juu ya kupinda, kimo kinahesabiwa mara tatu:

Umelala: 15 x 5 x 5 x 5 = 1 875.
Umesimama: 5 x 15 x 15 x 15 = 16 875.

Hiyo ni mara 9. Ubao uliosimama unakataa kupinda mara 9 kuliko uliolala. Tulisimamisha madriye zetu, tukazifunga kwa vipande vya mbao pembeni ili zisianguke kwa ubavu, tukapigilia mbao nyembamba juu. Daraja lipo mpaka leo, na hakuna aliyekwenda kuomba kitu.

Mtu wa kwanza kuandika uwiano huu ni Galileo wa Italia, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1638 katika mji wa Leiden. Wakati ule alikuwa amefungiwa nyumbani kwake kwa amri ya wakubwa wa dini, na macho yake yalikuwa yamekufa. Hata hivyo aliona ndani ya ubao kuliko wengi wenye macho.

Lakini sikieni vizuri sehemu hii, sababu ndiyo mafundisho makubwa. Galileo alikosea. Alifikiri kwamba nyuzi zote za ubao zinavutwa sawasawa wakati wa kuvunjika. Kweli yake ni kwamba katika daraja nyuzi za juu zinabanwa, nyuzi za chini zinavutwa, na katikati kuko mstari ambao haubanwi wala hauvutwi. Kwa sababu hiyo nguvu aliyoihesabu ilikuwa mara 3 ya ile ya kweli. Coulomb wa Ufaransa aliweka hesabu hiyo sawa mwaka 1773, na Navier, naye Mfaransa, akaitoa kwa wajenzi katika kitabu cha mwaka 1826.

Basi mtu aliyemuuliza Galileo, "Nilaze ubao ao niusimamishe?" alipata jibu la kweli. Mtu ambaye angemuuliza, "Ubao huu utabeba kilo ngapi?" angepata jibu la kumwangusha mtoni. Modeli moja, maulizo mawili. Mwenye kutumia modeli ajue imetengenezwa kwa ulizo gani.

3. SHIMO, UFA NA VIPANDE VIDOGO

Chukua bamba pana la chuma, livute pande mbili. Kila pahali linavutwa sawasawa. Sasa toboa shimo dogo la mviringo katikati. Mwaka 1898 Kirsch, Mjerumani, alionyesha kwa hesabu kwamba kandokando ya shimo hilo mvuto unakuwa mara 3. Mwaka 1913 Inglis wa Uingereza akaendelea na shimo refu kama yai: unachukua urefu wake, unagawa kwa upana wake, unazidisha kwa 2, unaongeza 1. Kama urefu ni mara 10 ya upana, jibu ni 2 x 10 + 1 = 21. Mara 21! Na ufa wa kweli ni mwembamba zaidi ya hapo. Ndiyo sababu chuma kikubwa kinaweza kupasuka kwa ajili ya mkwaruzo mdogo, na ndiyo sababu fundi mwenye akili akiona ufa katika bamba anatoboa shimo la mviringo pale ufa unapoishia. Mtu asiyejua atasema fundi anaharibu. Kumbe fundi anashusha ile 21 irudi karibu na 3.

Lakini vitu vingi havina umbo la ubao wala la bamba. Mpini wa jembe, gurudumu, kona ya daraja la chuma: hakuna fomula moja ya kuvimaliza. Wainjinia wanafanya namna gani? Wanafanya kama sisi tunavyopima eneo la shamba lililopindapinda juu ya karatasi ya miraba. Tunahesabu miraba midogo, kisha tunajumlisha. Wao wanakata kitu vipande vidogo, kila kipande kina hesabu rahisi, na kila kipande kinasukuma jirani yake. Mwaka 1960 Clough wa Marekani aliipa njia hiyo jina, nalo kwa maneno yetu ni "vipande vyenye mwisho". Ordinatere inashika vipande hivyo kwa maelfu na kupata jibu la vyote pamoja.

Shikeni wazo hilo la kipande na jirani yake, sababu shamba la ndizi nalo ni vipande vyenye majirani.

4. UGONJWA UNAOZAA FAIDA JUU YA FAIDA

Wengi wetu tunatoka katika nyumba ambazo ndizi zilitununulia kaye, uniforme na minervali. Kwa hiyo ugonjwa huu si habari ya mbali. Mnyauko wa ndizi unaletwa na mikrobi. Majani yanakuwa manjano na kulegea kama yamepigwa na moto, ua jekundu la chini ya mkungu linakauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati na ndani yake ni mbovu, na ukikata shina unaona uji wa manjano ukitoka. Ulijulikana kwanza kule Ethiopia: mwaka 1968 uliandikwa juu ya mmea wa enseti, ndugu wa mgomba, na mwaka 1974 juu ya ndizi zenyewe. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka uleule hapa kwetu, Masisi, Kivu ya Kaskazini. Unachukuliwa na wadudu wanaotembelea yale maua, na machipukizi yanayotoka shamba lenye ugonjwa, na panga letu wenyewe.

Mtaalamu mmoja wa Afrika ya Kusini, van der Plank, alitoa mwaka 1963 kitabu juu ya magonjwa ya mimea. Alisema magonjwa yanafanana na pesa zinazozaa faida. Kuko faida rahisi: faranga 100 kwa 10 kwa mia, kila mwaka zinaongezeka 10, yaani 110, 120, 130. Ni kama ugonjwa unaokaa udongoni, kila mmea unaupata kutoka udongo, haumpi jirani katika msimu ule. Kisha kuko faida juu ya faida: 110, 121, 133. Kila mgonjwa mpya naye anaambukiza. Mnyauko wa ndizi ni wa namna hii ya pili.

Tutengeneze modeli. Shamba lina mashina 100. Tuseme kila shina gonjwa linajaribu kuambukiza shina moja kwa mwezi. (Namba hii tumeichagua kwa ajili ya somo. Katika shamba la kweli inapaswa kupimwa.) Lakini shina likiangukia jirani aliye mgonjwa tayari, hakuna mgonjwa mpya. Kwa hiyo:

wagonjwa wapya = wagonjwa x wazima : 100

Tuanze na shina 1 tu:

Mwanzo: 1
Mwezi wa 1: 2
Mwezi wa 2: 4
Mwezi wa 3: 8
Mwezi wa 4: 15
Mwezi wa 5: 28
Mwezi wa 6: 47
Mwezi wa 7: 72
Mwezi wa 8: 92

Tazameni vizuri. Miezi mitatu ya kwanza, mwenye shamba anaona mashina 8 kati ya 100 na kusema, "Bado kidogo, nitaangalia kisha mavuno." Miezi mitatu mingine, ni 47. Miwili tena, shamba limekwisha. Ugonjwa haukubadilika. Haukupata hasira. Kila mwezi ulifuata fomula moja.

Hapa tunataka kusema neno zito. Katika vijiji vyetu, shamba likianguka hivyo, watu wanasema, "Jana lilikuwa zima, leo limekufa, kuko mkono wa mtu." Kisha wanatafuta jirani: mjane fulani, ao mzee asiye na watoto. Tunajua mnajua. Lakini mbele ya tabulo hii, ulizo "Ni nani aliyefanya hivi katika usiku mmoja?" halina pahali pa kusimama. Halikuwa jambo la usiku mmoja. Lilikuwa miezi minane, na ile mitatu ya kwanza hakuna aliyehesabu. Mwanafunzi anayeweza kuchora tabulo hii mbele ya wazee wa nyumba yake pengine ataokoa kitu kuliko ndizi.

5. PAHALI PA KUTIA MKONO

Sasa tuulize modeli: tukikata wagonjwa, itakuwa namna gani? (Tunahesabu kwamba chipukizi zima linashika nafasi ya shina lililokatwa.)

Tuko mwezi wa 3, mashina 8. Kila mwezi tukate nusu. Yanabaki 4, yanaambukiza karibu 4, tunarudi 8. Mwezi unaofuata, 8 tena. Tunachoka bure, ni kama kuchota maji kwa kikapu. Lakini tukate 3 katika kila 4: yanabaki 2, yanaambukiza 2, yanakuwa 4. Kisha 2. Kisha 1. Ugonjwa unakufa! Kati ya nusu na robo tatu kuko mpaka uliofichika. Si lazima kungoja nguvu ya kumaliza kila mgonjwa kwa siku moja. Lazima ni kwamba kila mgonjwa, mbele ya kukatwa, aache chini ya mgonjwa mmoja nyuma yake.

Na tukichelewa? Tuanze mwezi wa 6, mashina 47, tukate vilevile 3 katika kila 4. Tunakata 35, kisha 17, kisha 8. Jumla 60, na bado kunabaki wagonjwa karibu 5. Yule wa mwezi wa 3 alifika kwa mgonjwa 1 kwa kukata mashina kama 10 tu. Kazi ni ileile, panga ni lilelile. Tofauti ni miezi mitatu.

Zamani wakulima walifundishwa kung'oa kisiki chote pamoja na watoto wake. Ni kazi ngumu sana, na wengi waliikataa, sababu inamaanisha kukaa bila ndizi muda mrefu. Kisha watafiti, pamoja na wale waliofanya kazi katika Kivu, waliona kwamba mikrobi mara nyingi haifiki katika watoto wote wa kisiki kimoja. Ndipo walifundisha njia nyepesi: kata shina gonjwa peke yake, chini kabisa kwenye udongo, mara tu dalili inapoonekana, na rudia kupita shamba zima bila kuchoka. Ondoa ua la chini kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Na panga lipitishe motoni ao katika javeli kila unapotoka mti mmoja kwenda mwingine. Angalieni: kila moja ya kazi hizo inashusha ile namba ya "kila mgonjwa anaambukiza wangapi".

6. MODELI INASAHAU NINI?

Kama Galileo alikosea, sisi ni nani? Modeli yetu imesahau mambo yasiyopungua matatu. Kwanza, shina linaweza kubeba mikrobi siku nyingi bila kuonyesha alama, kwa hiyo 8 tunazoziona pengine ni zaidi ya 8. Pili, tumehesabu kama kila mti unakutana na kila mti, lakini kweli ni kwamba jirani anapata zaidi kuliko mti wa mbali. Tatu, wadudu hawajui mpaka wa shamba: ukikata kwako na jirani asikate, mgonjwa anarudi kupitia ua.

Watafiti wanayaongeza haya kidogo kidogo. Huko Uingereza mwaka 1947 Beaumont alitoa kanuni juu ya ugonjwa wa viazi ulaya: joto lisiposhuka chini ya digrii 10 na unyevu wa hewa usiposhuka chini ya 75 kwa mia kwa muda wa saa 48, mkulima ajitayarishe. Mwaka 1969 Waggoner na Horsfall, huko Marekani, walitoa programu ya ordinatere iliyoitwa EPIDEM, iliyofuata ugonjwa wa majani ya nyanya hatua kwa hatua: mbegu ya ukungu inaota, inaingia jani, inazaa, inapeperushwa. Ni tabulo yetu tu, lakini yenye hatua nyingi.

Na siku zote jibu linarudishwa shambani. Injinia anavunja ubao mmoja ili aone kama namba zilisema kweli. Mkulima anahesabu mashina tena mwisho wa mwezi. Modeli isiyorudi kupimwa ni uvumi wenye namba.

Kuko anayesema kwamba kuhesabu hivi ni kukosa imani, tuombe tu. Sisi tunaomba pia. Lakini Mungu aliyeumba mgomba ndiye aliyeumba utaratibu ambao namba zinaufuata, na akatupa vidole kumi vya kuhesabia na mikono miwili ya kushika panga. Kuomba na kuhesabu havigombani. Kukaa tu na kumshitaki jirani, huko ndiko kukosa imani.

7. KAZI YA KUFANYA

a) Madriye ina sentimetri 7 kwa 15. Ikisimama, nguvu yake ni mara ngapi ya ikilala? Na kukataa kupinda je?

b) Anza tabulo na mashina 2 magonjwa badala ya 1. Shamba linatangulia kufa kwa miezi mingapi? Fikiria kwa nini.

c) Kama kila shina gonjwa linaambukiza mashina 2 kwa mwezi, inatupasa kukata sehemu gani ya wagonjwa ili ugonjwa usiongezeke?

d) Hii si ya kaye. Likizo hii, pita katika shamba la ndizi la kwenu, hesabu mashina yote, hesabu yenye alama, andika tarehe. Rudi kisha mwezi mmoja, hesabu tena. Ukipata namba mbili, unayo modeli yako mwenyewe, na unajua kama umechelewa ao bado.

Mwenye kukwama katika (c) aje kwetu wafinalisti kisha chakula cha jioni. Tutakaa chini pamoja.

Mungu awabariki katika masomo yenu.